Minara ya Wenzao, Fedha za Kwao: Redio Zilivyojifunza Kuuza Ramani

Oktoba 1939, New York Yankees walikutana na Cincinnati Reds katika World Series, fainali ya besiboli ambayo Mmarekani wa enzi hizo aliisubiri kama Mtanzania anavyosubiri Simba na Yanga. Kampuni ya nyembe, Gillette, ilitoa dola 100,000 ili kuidhamini redioni, na mtandao wa Mutual ndio uliopata haki ya kuirusha peke yake. Mutual haukuwa na vituo kila mahali. Ukalazimika kubisha hodi hata kwenye vituo vyenye mkataba na wapinzani wake, NBC na CBS, katika miji ambayo haikuwa na kituo kingine: chukueni mechi hizi, wasikilizaji wenu wanazitaka.

Wenye vituo hawakuweza kuitikia. NBC na CBS zilitoa mikataba kabatini na kuwaonyesha kifungu: kituo kilichojiunga na mtandao mmoja hakirushi vipindi vya mtandao mwingine. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliandika baadaye kwamba maelfu ya watu katika sehemu nyingi za nchi walizikosa mechi zile. Mnara umesimama, redio iko sebuleni, mpira uko uwanjani, na katikati yao ipo karatasi yenye saini.

Mwenye kituo alikuwa ameitia saini mwenyewe, kwa hiari, na pengine kwa furaha. Ili kuelewa kwa nini alifanya hivyo, ni lazima kurudi nyuma miaka 17, kwenye studio moja ya New York ambako watu wa simu walikuwa wakijaribu kutafuta namna ya kupata fedha kwa kitu ambacho kila mtu alikipata bure.

Redio kama kibanda cha simu

Kampuni ya simu ya AT&T ilifungua kituo cha WEAF mwaka 1922. Kwa kuwa simu ndiyo biashara waliyoijua, redio nayo waliiona kama simu. Mwenye neno aje studio, alipe muda wake, aseme analotaka, atoke. Kampuni haikujiona kuwa na wajibu wa kutunga vipindi, kama vile mwenye kibanda cha simu asivyomtungia mteja maneno ya kuongea.

Tarehe 28 Agosti 1922, jioni ya saa 11 hivi, mteja wa kwanza alitokea. Kampuni ya nyumba iitwayo Queensboro Corporation ililipa dola 50, na mtu wake akapewa dakika 10 mbele ya kipaza sauti. Alikuja kuuza nyumba za ghorofa za Hawthorne Court huko Jackson Heights, upande wa Queens. Lakini hakuanza na vyumba wala bei. Alianza kwa kumkumbuka mwandishi wa riwaya Nathaniel Hawthorne, aliyefariki mwaka 1864 na ambaye nyumba zile zilipewa jina lake, kisha akaingia taratibu kwenye adha za kuishi katikati ya jiji lililosongamana na raha ya kulea watoto penye miti na hewa. Muuzaji alimzunguka msikilizaji kama mshenga anayeanza na habari za mvua na mavuno kabla ya kufika kwenye posa.

Dola 50 zilinunua masikio ya New York na viunga vyake. Mawimbi ya kituo kimoja yana mwisho wake. Ukitoka nje ya mzunguko wake unasikia mkwaruzo. Kwa mwenye nyumba za Queens hilo halikuwa tatizo, kwa sababu mtu wa Chicago hangepanga kwake. Lakini mwenye sabuni, dawa ya meno au betri ana wateja katika kila duka la nchi, na kwake kituo kimoja ni kama kubandika tangazo kwenye mlango mmoja wa soko lenye milango mia.

AT&T ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: nyaya za simu za masafa marefu, zilizokwisha kutandazwa kutoka jimbo hadi jimbo. Tarehe 4 Januari 1923 muziki uliopigwa WEAF ulipitishwa kwenye waya na kurushwa pia na kituo cha WNAC cha Boston. Kiangazi cha mwaka huo tajiri mmoja wa Massachusetts, Kanali Edward Green, aliyekuwa na kituo chake kwenye shamba la familia, alilipia waya ili apate vipindi vya WEAF msimu mzima. Sauti moja, minara miwili. Hesabu ya biashara ikabadilika hapo.

Miongoni mwa waliong'amua mapema ni National Carbon Company, watengenezaji wa betri za Eveready. Kipindi chao cha muziki na maigizo, The Eveready Hour, kilianza WEAF mwishoni mwa 1923, na mwaka uliofuata kikaanza kusikika kupitia vituo vya miji mingine. Walikuwa na sababu ya wazi: redio za wakati ule zilikula betri, na kila nyumba iliyoongezwa kwenye mzunguko wa mawimbi ilikuwa nyumba ya kuuziwa betri. Wakenya wanalijua jina hilo kwa njia yao, kwa alama ya paka na kiwanda cha Nakuru kilichofungwa mwaka 2014. Kwa muda mrefu wauza betri wamekuwa na haja na redio kuliko hata redio ilivyo na haja nao.

Dola 500 kila wiki, tangazo liwepo lisiwepo

Mwaka 1926 AT&T iliamua kurudi kwenye simu zake. Iliiuza WEAF kwa RCA kwa dola milioni 1, na hapo ikazaliwa NBC, iliyofungua hewa tarehe 15 Novemba 1926 kwa sherehe kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria. Mwimbaji Mary Garden aliimba akiwa Chicago. Mchekeshaji Will Rogers alichekesha akiwa Kansas. Wasikilizaji walisikia nchi ikiitikiana. Wauza matangazo walisikia kitu kingine kabisa: uthibitisho kwamba mtu anaweza kulipa mara moja mahali pamoja na kusikika kila mahali. AT&T nayo haikupoteza, kwani kila mtandao uliotaka kuunganisha vituo ulilazimika kukodi nyaya zake.

Mwaka uliofuata ukaja mtandao wa pili, ambao leo dunia inaujua kwa jina la CBS. Ulianza vibaya. Waanzilishi wake walikwenda kwa vituo 16 na ahadi nono: tupeni saa 10 kila wiki, nasi tutawalipa dola 500. Vituo vilitia saini haraka, na nani angekataa? Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Vituo 16 kwa dola 500 ni dola 8,000 kila wiki, na fedha hizo zilipaswa kutoka iwe matangazo yameuzwa au hayakuuzwa. Ongeza kodi ya nyaya. Mtandao uliingia hewani tarehe 18 Septemba 1927, na ndani ya miezi michache kampuni ya santuri ya Columbia iliyokuwa imeweka mtaji ilikimbia, ikiacha nyuma jina lake tu.

Aliyeuokoa alitoka kwenye biashara ya sigara. William Paley alikuwa kijana wa Philadelphia, na baba yake, Sam Paley, alikuwa na Congress Cigar Company iliyotengeneza sigara za La Palina. Kwa masimulizi ya William mwenyewe, alinunua muda kwenye kituo cha WCAU baba yake akiwa safarini Ulaya. Ami yake akaona ni upotevu, akakifuta kipindi. Baba aliporudi akashangaa jinsi watu walivyomuuliza kipindi kimekwenda wapi. Familia ikarudi redioni, safari hii kwenye mtandao, na inasimuliwa kwamba mauzo yalipanda kutoka sigara 400,000 kwa siku hadi milioni 1 ndani ya nusu mwaka. Tarehe 26 Septemba 1928, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 27, Paley alishika urais wa mtandao ule uliokuwa ukiyumba.

Alichokifanya kwanza ni kuukalia mkataba na kuuandika upya. Humo ndimo ilimolala akili ya biashara nzima.

Mwenye kituo cha mji wa kati, mara nyingi gazeti, duka kubwa au kampuni ya bima, alikuwa na shida moja kila asubuhi: saa nyingi, vipindi vichache. Alihitaji mpiga piano, mwimbaji, mtu wa kusoma habari, na mji wake haukuwa na vipaji vya kujaza siku nzima. NBC ilikuwa na vipindi vizuri, vikiwemo vingi visivyo na mdhamini, lakini vituo vilivyojiunga nayo vililipishwa kwa vipindi hivyo. Paley akasema: kwangu mtavipata bure. Saa 20 kwa wiki badala ya 10. Vijazieni siku yenu. Na mkimpata mfanyabiashara wa mjini kwenu wa kuvidhamini, fedha ni zenu.

Kwa vipindi vyenye mdhamini wa kitaifa, mtandao ungeendelea kulipa kituo dola 50 kwa saa, isipokuwa saa tano za kwanza za kila wiki, ambazo kituo kingetoa bila malipo. Kituo kingetaja jina la CBS hewani. Kisingejiunga na mtandao mwingine. Na CBS ingekuwa na haki ya kudai saa zaidi kadiri itakavyopata wateja.

Masharti hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na thamani kuliko yote, ingawa yanasomeka kama mambo ya makarani. Tuseme kampuni ya sabuni inataka Alhamisi, saa mbili usiku, nchi nzima. Mtandao usio na haki ya kudai saa unalazimika kupiga simu kituo kimoja baada ya kingine: saa hiyo iko wazi kwako? Huyu ana kwaya ya kanisa, yule ana mkutano wa wafugaji, mwingine kamuuzia mwenye duka la viatu. Baada ya wiki mbili muuzaji anarudi kwa mteja na ramani yenye matundu. Muuzaji wa CBS hakuwa na haja ya simu hizo. Saa alikuwa nayo mfukoni kabla mteja hajaingia ofisini. Aliweza kusema "ndiyo" papo hapo, na kwa kampuni inayotumia maelfu ya dola "ndiyo" hiyo ilikuwa nusu ya bidhaa.

Paley aliupeleka mkataba huo kwanza kwa wenye vituo vya majimbo ya kusini, nao wakaukubali. Januari 1929 alitangaza kwamba CBS ina vituo 49 katika miji 42. Karibu vyote havikuwa mali yake. Alikuwa mwenye nyumba wa nyumba za watu.

"Sasa tunajiunga na..."

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa kuwa amelisikia kwa neno moja: kujiunga. Mtangazaji wa redio ya mkoani anakata muziki, anasema "sasa tunajiunga na", halafu inaingia sauti ya mbali. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya DW ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1963, zimefika kwenye redio nyingi za FM za ukanda huu kwa mtindo huo wa redio washirika. Kituo kinapata taarifa ya habari ambayo kisingeweza kuigharamia. Idhaa ya mbali inapata masikio ya mji ambao haina mnara ndani yake. Hazibadilishani matangazo ya sabuni, lakini mpango ni wa ukoo mmoja na ule wa Paley: mmoja ana vipindi na hana mnara, mwingine ana mnara na hana vipindi.

Upande wa biashara nao unajulikana. Tanzania hutoa leseni za utangazaji kwa ngazi, za kitaifa, za mkoa na za wilaya, na kupanda ngazi si suala la heshima tu. Ndiyo maana redio yenye mapana hupenda kusoma hewani orodha ndefu ya miji na masafa yake. Msikilizaji wa mji mmoja anahitaji namba moja tu. Orodha nzima inasomwa kwa ajili ya sikio jingine, la mtu wa masoko aliye kwenye foleni ndani ya gari lake, anayegawa bajeti ya robo mwaka.

Boti ya Don Lee

Ramani ya CBS ilikuwa na pengo kubwa upande wa Pasifiki. Bila California hakuna anayeweza kuuza "nchi nzima" akaaminika. Vituo vilivyohitajika, KHJ cha Los Angeles na KFRC cha San Francisco, vilikuwa mikononi mwa Don Lee, muuzaji wa magari ya Cadillac ambaye hakuwa na shida ya fedha wala haraka ya kuonana na mtu.

Paley amesimulia kwamba alipompigia simu kumwalika New York, Lee alimjibu: njoo wewe, na kabla ya mazungumzo lazima ukae siku kadhaa kwenye boti yangu. Paley akapanda treni kuvuka bara. Akakaa baharini. Waliporudi nchi kavu Lee alimwambia aseme mwenyewe masharti anayoyaona ya haki, yaandikwe, naye akatia saini. Mwaka 1929 CBS ikagusa bahari zote mbili. Septemba ya mwaka huohuo kampuni ya filamu ya Paramount ilinunua nusu ya CBS kwa hisa zake, ikiahidi kuzinunua tena hisa hizo kwa dola milioni 5 endapo CBS ingetengeneza faida ya dola milioni 2 katika miaka miwili. Soko la hisa lilianguka mwezi uliofuata. CBS ilizipata milioni zake 2.

Lakini kuifikia Pasifiki kulileta tatizo ambalo hakuna mkataba uliolitazamia: jua. Kilichoiumbua mitandao ni Amos 'n' Andy, kipindi kilichoingia NBC tarehe 19 Agosti 1929 kwa udhamini wa dawa ya meno ya Pepsodent. Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliigiza sauti za watu weusi. Mwaka 1931 gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier liliendesha kampeni ya kukusanya saini za kukipinga. Hata hivyo wasikilizaji wake walikuwa wengi kupita kipindi chochote cha wakati ule.

Mwanzoni kilirushwa saa tano usiku kwa saa za New York. Chicago hiyo ni saa nne, Los Angeles ni saa mbili, wakati mzuri wa watu kukaa pamoja baada ya chakula. Watu wa mashariki walilalamika kwamba watoto wanakesha. Pepsodent na NBC wakakisogeza hadi saa moja jioni. Mashariki wakafurahi, magharibi, ambako sasa kipindi kiliingia saa kumi alasiri watu wakiwa bado kazini, wakawaka kwa hasira. Mwishowe Gosden na Correll walilazimika kuigiza mara mbili kila usiku, mara ya kwanza kwa ajili ya mashariki na mara ya pili, baada ya saa kadhaa, kwa ajili ya magharibi, mazungumzo yaleyale na vicheko vilevile. Mteja alikuwa amenunua nchi nzima, na nchi nzima haili chakula cha jioni kwa saa moja.

Kuanzia hapo uuzaji ukawa wa vifungu. Mfanyabiashara alinunua kwanza kundi la msingi, yaani vituo vya miji mikubwa ya kaskazini-mashariki na maziwa makuu, kisha akaongeza makundi ya nyongeza: kusini-mashariki, kusini-magharibi, milimani, Pasifiki. Kila kundi lilikuwa na bei yake. Ilifanana na kununua kitambaa dukani. Unakata kulingana na mwili wako. Mwenye bidhaa isiyouzwa milimani hakuwa na sababu ya kulipia milima.

Mnara mmoja wa kutisha

Wako waliodhani njia yote hiyo ya mikataba na nyaya ni mzunguko usio wa lazima. Kwa nini usijenge mnara mmoja, ukaupa nguvu ya kutosha, ukafika kote mwenyewe?

Powel Crosley wa Cincinnati, mtengenezaji wa redio na majokofu, alijaribu. Mei 1934 kituo chake cha WLW kiliruhusiwa kurusha kwa kilowati 500, mara kumi ya kiwango cha juu walichoruhusiwa wengine. Mnara wake huko Mason, Ohio, ulikuwa na urefu wa futi 831. Majirani walisimulia taa zilizokataa kuzimika na mabomba ya mvua yaliyotoa sauti za watangazaji. Usiku WLW ilisikika majimbo kwa majimbo, na kwa mwenye tangazo hiyo ilikuwa mali safi: kituo kimoja, ankara moja, hakuna waya wa kukodi.

Ila mawimbi hayajui mpaka. Kanada ilipinga, kwa sababu kituo cha CFRB cha Toronto kilikuwa kikivamiwa, na WLW ikalazimika kujenga antena za kuzuia nguvu isielekee huko usiku. Wenye vituo vidogo nao walipiga kelele kwamba wanafunikwa. Machi 1939 WLW ilirudishwa kwenye kilowati 50, na Marekani haikutoa tena ruhusa ya kawaida ya nguvu kama ile. Mtandao wa minara ya watu wengi ulishinda kwa sababu kila mnara ulikuwa na mwenyeji wake: mbunge wake, gazeti lake, mchungaji wake. Kuupinga ilikuwa kuwapinga watu wa mji wenyewe.

Lakini wingi wa minara nao ulikuwa na udanganyifu wake. Mutual ulianza mwaka 1934 kwa vituo vinne, WOR, WGN, WLW na WXYZ, na kipindi chake maarufu kilikuwa The Lone Ranger. Baada ya vita ulijigamba kuwa na vituo zaidi ya 500, kuliko mtandao wowote. Vingi vilikuwa vya wati 250, sauti inayochoka kabla ya kuvuka mto. Kwenye ramani ya ukutani nukta ya wati 250 na nukta ya kilowati 50 zinalingana ukubwa, na wauza matangazo wa Mutual hawakuwa na haraka ya kueleza tofauti.

Wanunuzi walijifunza kuuliza. Sensa ya 1930 ilihesabu kaya zipatazo milioni 12 zenye redio, takribani 4 katika kila 10, hivyo kufikiwa na mawimbi hakukuwa na maana ya kuwa na kifaa cha kuyanasa. Mitandao ilihesabu barua: kipindi kinaahidi zawadi ndogo kwa atakayeandika, halafu mihuri ya posta inapangwa wilaya kwa wilaya, na ramani inatiwa rangi kulingana na barua badala ya nguvu ya mtambo. Mwaka huohuo wa 1930 Archibald Crossley alianza kuwapigia watu simu na kuwauliza walisikiliza nini jana. Asiye na simu hakuulizwa, na wasio na simu walikuwa wengi vijijini, kulekule ambako mitandao ilikuwa ikijisifia kufika.

Hesabu inafika mahakamani

Mei 1941 FCC ilitoa ripoti yake juu ya mitandao. Takwimu zake za mwisho wa 1938 zinasomeka kama orodha ya mavuno ya mkataba wa Paley na ule wa washindani walioiga. Nchi ilikuwa na vituo vya biashara 660, na 341 kati yake vilikuwa vimejiunga na mitandao ya kitaifa. Kwa idadi, hiyo ni nusu na kidogo. Kwa nguvu za mitambo ya usiku, vituo hivyo vilishika zaidi ya asilimia 97 ya nchi nzima, na NBC na CBS peke yao zaidi ya 85. NBC ingeweza kudai saa ya kituo kwa notisi ya siku 28. Na ndani ya ripoti hiyo kulikuwa na habari ya World Series ya 1939 na watu waliokaa kimya mbele ya redio zao.

Tume ilipiga marufuku kifungu cha kumfunga mwenye kituo kwa mtandao mmoja. Haki ya kudai saa ilipunguzwa hadi saa tatu katika kila kimoja cha vipande vinne vya siku. Na kampuni moja haikuruhusiwa tena kuendesha mitandao miwili, jambo lililoilenga NBC moja kwa moja, kwa kuwa ilikuwa na Red na Blue. NBC na CBS zilikwenda mahakamani zikidai kwamba serikali inaua redio. Tarehe 10 Mei 1943 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Felix Frankfurter, ilizikatalia.

NBC ikaiweka Blue sokoni. Mnunuzi alikuwa Edward Noble, mwenye pipi za Life Savers, zile nyeupe za mnanaa zenye tundu katikati. Mwaka 1913 yeye na mwenzake walikuwa wameinunua biashara hiyo ya pipi kwa dola 2,900. Safari hii Noble alilipa dola milioni 8, na Oktoba 1943 FCC ikayapitisha mauzo ya mtandao ambao baadaye aliuita ABC. Mali ya kushikika aliyokabidhiwa ilikuwa ndogo: kituo cha WJZ cha New York, KGO cha San Francisco, na WENR cha Chicago, ambacho kiligawana masafa na kituo kingine na kusikika nusu ya muda tu. Kilichobaki kwa milioni hizo 8 ni hasa kodi ya nyaya za simu ya kuendelea kulipwa, na faili lenye mikataba ya vituo ambavyo havikuwa vyake.